Mfuko wa Fundi wa Kuitwa

Kindu ni mji uliokatwa na mto. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto, Alunguli iko ukingo wa kulia, na kati yao hakuna daraja. Kuna Lualaba, mitumbwi, na feri ikiwa nzima. Mwongozo huu ni wa fundi wa kuitwa: yule asiye na karakana ya kusubiria wateja, anayepigiwa simu kwamba jenereta ya duka fulani Alunguli imezimika, au pikipiki ya motari, yule dereva wa kubeba abiria, imegoma njia ya Kalima, naye anabeba mfuko wake na kwenda. Fundi wa karakana akikosa spana ya 14 anaazima kwa jirani. Wewe ukiikosa baada ya kuvuka, utalipa nauli ya mtumbwi mara nne badala ya mara mbili, na utakaporudi huenda mteja ameshamtafuta mwingine.

Kwa sababu hiyo usianzie dukani. Anzia kwenye karatasi. Andika kazi zote unazokumbuka kuitiwa, na kama ndiyo kwanza unaanza, kaa karibu na fundi mzoefu uandike anazoitiwa yeye. Utaona zinajirudia: jenereta haiwaki, inawaka lakini haitoi umeme, inatoa umeme lakini taa zinacheza, pikipiki haina moto kwenye plagi, cheni imekatika, waya wa klachi umekatika, tairi limetoboka, kabureta imejaa uchafu, betri imekufa. Hizo ndizo zitakazokulisha, na mfuko unajazwa kwa ajili yake. Kushusha injini na kuipasua si kazi ya mfuko. Ipeleke karakana, hata kama mteja anakusihi uifanye hapo hapo barazani kwake, vumbini, ili asilipe usafiri.

Mfuko wenyewe

Wengi huanza na sanduku la chuma kwa kuwa linaonekana la kifundi. Liache nyumbani. Likiwa tupu tayari ni zito, pembe zake zinamchoma motari mgongoni, ndani ya mtumbwi linateleza, na unyevu wa mkoa huu wa Maniema unalila kuanzia kwenye bawaba. Unachotaka ni mfuko wa kitambaa kigumu wenye mdomo mpana unaobaki wazi wenyewe, ili mkono mmoja uchukue spana huku wa pili umeshika kebo. Urefu wa sentimita 40 hivi unatosha. Mfuko mkubwa zaidi haukusaidii, kwa sababu nafasi ikiwepo utaijaza tu, na ukishaijaza hutaubeba kwa amani. Lenga kilo 10; ukifika 12 anza kutoa.

Mifuko ya zana iliyotengenezwa nje hufika Kindu mara chache, na mingi ni ya kuonekana: zipu za chuma laini, mishono ya uzi mmoja. Afadhali uende kwa fundi cherehani na kipande cha bashi, yaani turubai, la lori. Mwambie mambo machache na usikubali ayabadilishe. Kitako kiwe cha bashi mara mbili, na katikati yake kiingizwe kipande cha raba ngumu, kwa maana kitako ndicho kinachokutana na sakafu za saruji na matope ya bandarini. Mikanda izunguke chini ya mfuko mpaka upande wa pili. Ile inayoshonewa mdomoni tu hung'oka siku ya mzigo. Uzi uwe wa nailoni, kama ule wa mafundi viatu. Ndani kuwe na kitambaa cheupe au cha njano, kwa sababu skrubu ndogo ya kabureta ikiangukia kwenye kitambaa cheusi, usiku, chini ya taa ya simu, utaitafuta mpaka mwenye nyumba aanze kukuhurumia. Mifuko ya nje isizidi miwili. Kila mfuko wa nje ni mlango wa mvua na wa vidole vya watu.

Kama utaweka zipu, iwe ya plastiki yenye meno makubwa. Mimi napendelea kifuniko kinachokunjwa na kufungwa kwa bakoli, kwa kuwa bakoli ikivunjika utafunga kamba, lakini zipu ikiharibika mfuko mzima umeharibika.

Sasa mto. Mtumbwi ukiwa umejaa watu, kuku na magunia ya unga wa muhogo, mfuko wako utakaa chini, kwenye maji kidogo ya sakafuni ambayo hayakosekani. Kwa hiyo kila kinachochukia maji kiwe na nyumba yake ndani ya mfuko. Ndoo ndogo ya rangi yenye kifuniko cha kubana ni nyumba nzuri: ioshe, ikauke, weka humo mita ya umeme, plagi mpya, taa, daftari na vifaa vya kielektroniki. Vitu vingine vibaki kwenye mfuko wa plastiki mzito uliofungwa mdomo.

Wapo wanaofunga bidoni tupu kwenye mfuko kama boya. Wazo ni zuri, ila wengi huchukua bidoni ya lita 5, nayo haitoshi. Zana za chuma zenye kilo 10 zikiwa ndani ya maji bado zina uzito wa kilo 8 na zaidi, na bidoni ya lita 5 haiwezi kuinua hata kilo 5 kamili. Itazama pamoja na mfuko. Chukua ya lita 10 iliyozibwa vizuri, ifunge kwa kamba imara. Na hili ni kubwa kuliko la zana: ukishapanda mtumbwi, vua mkanda begani. Mfuko usiwe umefungwa kwenye mwili wako kwa namna yoyote. Kilo 10 za spana mgongoni zitampeleka chini hata muogeleaji hodari. Jaketi la kuokolea, ukilipata, ni zana kama zana nyingine. Liweke kwenye hesabu ya mtaji.

Zana za kujua kabla ya zana za kufungua

Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea matumizi ya pesa. Mtaji wote unaingia kwenye spana, kisha fundi anafika kwa mteja na kuanza kufungua, kwa sababu kufungua ndiko anakoweza. Anafungua kabureta, anaifunga, anabadili plagi, anafungua tena. Mteja anahesabu saa. Kumbe jenereta ilikuwa na upungufu wa mafuta ya injini tu.

Mfano huo si wa kubuni kwa ajili ya mafunzo. Ni jambo la kila wiki. Jenereta nyingi za petroli zenye injini za mtindo wa Honda GX, pamoja na nakala zake za Kichina, zina kihisi ndani ya kasha la mafuta ambacho hukata moto wa plagi mafuta yakipungua. Injini ya ukubwa wa GX160 inachukua kama lita 0.6 tu, hivyo upungufu mdogo unaonekana haraka. Hata ikiwekwa kwenye mteremko, mafuta yakaegemea upande mmoja, inaweza kukataa kuwaka ilhali haina ugonjwa wowote. Kwa hiyo zana yako ya kwanza ni kitambaa safi cha kufutia kijiti cha mafuta. Simamisha jenereta mahali pa tambarare, chomoa, futa, pima. Ndipo uendelee.

Zana ya pili ni chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko. Petroli ya Kindu imesafiri sana kabla ya kufika kwenye tangi la mteja: imepita mapipa, bidoni, mipira ya kufyonzea, na mwisho chupa za wauzaji wa kando ya barabara, hao ambao miji mingi ya mashariki mwa Kongo inawaita Kadhafi. Maji yanaingia njiani, kwa mvua au kwa mkono wa mtu. Toa mafuta kidogo kutoka chini ya kabureta, yamimine chupani, yaache yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mstari. Chupa hiyo inafanya kazi nyingine pia: inakutetea. Mteja akiona maji kwa macho yake hatasema fundi wa jana ndiye aliyeharibu, wala hatasema wewe.

Ya tatu ni mita ya umeme. Hapa usibane senti. Tafuta iliyoandikwa CAT III na volti 600, yenye fyuzi ndani, na nyaya zenye ganda nene lisilopasuka likikunjwa. Sokoni zimo nyingi ambazo maandishi hayo ni mapambo tu. Fungua mgongo wake dukani, na kama muuzaji hataki uangalie fyuzi, rudisha. Uwe na desturi moja: kabla ya kuamini kwamba mahali fulani hapana umeme, jaribu mita kwenye kitu unachojua kina umeme, pima pale unapotaka kugusa, kisha rudi ujaribu tena kwenye kile kilicho hai. Mita iliyokufa na waya uliokufa husoma sifuri ile ile.

Ukiweza, nunua inayopima pia hezi. Jenereta ndogo nyingi za petroli huzalisha hezi 50 injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, wala haiwezekani kubadilisha kimoja bila kingine. Fundi asiye na kipimo akiona volti ziko chini hukaza gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Injini inapiga kelele, volti zinapanda, mteja anafurahi. Baada ya hapo friji yake na televisheni ndizo zinazolipa. Mwenye mita huona kwamba hezi tayari zilikuwa 51 au 52 bila mzigo, kama inavyopasa, na kwamba tatizo liko kwenye brashi za kaboni au kwenye kifaa cha kusawazisha volti. Hajagusa gavana hata kidogo.

Kwenye pikipiki mita hiyo hiyo inakusomea betri. Betri nzima ya volti 12 ikiwa imepumzika huonyesha 12.6 hivi, injini ikichangamka iwe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 huku injini inanguruma, usimuuzie motari betri mpya, kwani hiyo nayo itakufa.

Ongeza vibati vya kupimia nafasi, vile vyembamba vinavyofunguka kama upepeo. Pikipiki za mtindo wa Honda CG125, ambazo nakala zake zimejaa mjini, hutaka nafasi ya valvu ya milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Injini ya GX160 hutaka 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutolea moshi. Plagi za CG hukaa kwenye milimita 0.6 mpaka 0.7, za GX 0.7 mpaka 0.8. Andika namba hizi kwa kalamu isiyofutika kwenye kitambaa cha ndani cha mfuko. Kichwa cha fundi saa nne usiku si daftari.

Mwisho wa fungu hili: taa ya kuvaa kichwani, sumaku yenye mkono mrefu, na kioo kidogo. Taa ya simu si taa ya kazi. Inashikwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa na kazi yake.

Spana, na jinsi ya kutodanganywa nazo

Kwa pikipiki na jenereta ndogo, saizi zitakazotoka mfukoni kila siku ni 8, 10, 12, 13, 14 na 17. Za 19 na 22 ni za ekseli na nati kubwa. Chukua spana zenye mdomo wazi upande mmoja na pete upande wa pili. Za 10 na 12 ziwe mbili mbili, kwa sababu mara nyingi unashika boliti upande huu na kugeuza nati upande ule. Soketi za saizi hizo hizo, racheti moja ndogo, na kiungo kimoja cha kurefushia. Spana za plagi ziwe tatu: ya 16 kwa pikipiki zenye plagi nyembamba ya uzi wa milimita 10, ya 18 kwa zile za mtindo wa CG, ya 21 kwa jenereta. Hii ya 21 ndiyo husahaulika, kwa kuwa wengi wetu tulianzia kwenye pikipiki.

Usinunue lile kasha la vipande zaidi ya mia linalong'aa dirishani. Nusu ya vipande hutavigusa kamwe, na nusu nyingine ni chuma laini kilichopakwa rangi ya fedha. Maandishi ya kromu na vanadiamu si ushahidi. Anayeghushi spana hashindwi kuandika. Nenda dukani na boliti mbili mpya na tupa ndogo mfukoni. Ingiza boliti kwenye spana: ikicheza, spana hiyo itakula kona za nati za mteja. Kisha omba ruhusa upitishe tupa mahali pasipoonekana. Tupa ikiuma chuma kwa urahisi, ni laini. Ikiteleza, ni ngumu. Muuzaji akikukatalia jaribio la pili, la kwanza linatosha.

Zana kuukuu za Ulaya zinazopatikana mikononi mwa watu mara nyingi ni bora kuliko mpya za bei hiyo. Kindu ni mji wa reli: njia kutoka huku ilifika Kongolo mwaka 1910, na mpaka leo ndio mwisho wa reli inayotoka Lubumbashi kupitia Kamina na Kabalo. Mji wa namna hiyo huwa na vyuma vizuri vilivyozeeka kwenye masanduku ya wazee. Nunua kwa mzee mwenyewe au kwa familia yake, kwa mazungumzo ya wazi. Zana yenye alama ya mtu au ya karakana iliyofutwa kwa msasa usiiguse, hata kama ni ya bei ya kutupa. Siku utakayoitoa mbele ya mwenyewe, jina lako litavuka mto kabla yako.

Kuhusu bisibisi kuna siri ndogo. Skrubu za msalaba kwenye kabureta na makasha ya pikipiki za Kijapani, na za Kichina zilizoiga, hazifanani kabisa na msalaba wa kawaida. Bisibisi ya kawaida inagusa chini kabla ya kujaza kona, kwa hiyo inaruka na kuharibu kichwa. Isage ncha yake kidogo tu kwa tupa, itazama na kushika. Tenga moja kwa kazi hiyo na uifunge utepe mwekundu. Kwa skrubu zilizokwama beba bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Ni nzito, lakini skrubu moja iliyoharibika kichwa itakula mchana wako wote.

Vilivyobaki nitavitaja bila kuvisimulia: koleo la kawaida, koleo la mdomo mrefu, la kukatia, koleo la kubana na kujifunga, nyundo ndogo, patasi butu, spana za pembe sita, brashi ya waya, msasa laini, tupa, kisu, vyuma viwili vya kufungulia tairi, pampu ya mkono. Mashine ya kusagia na ya kuchomelea ziache. Anayehitaji kuchomelewa atakuambia mapema, na siku hiyo utakuja na mkokoteni.

Vipuri vinavyostahili safari

Kipuri kinaingia mfukoni kwa masharti matatu: ni chepesi, kinaharibika mara kwa mara, na hakipatikani kule unakokwenda. Plagi, au buji kama tunavyosema huku, inatimiza yote. Beba za aina ya D8 kwa pikipiki za CG na za BPR6 kwa jenereta, mbili mbili, na moja ya uzi wa milimita 10. Hakikisha zimo kwenye ndoo yenye kifuniko, maana boksi la karatasi huvimba kwa unyevu na plagi kuanza kushika kutu kabla haijauzwa.

Viungo vya cheni namba 428 havina uzito, navyo humwokoa motari porini. Weka waya wa klachi na wa mafuta wa urefu mkubwa, pamoja na vile vichwa vidogo vya kufunga kwa skrubu. Kwa hivyo viwili utahudumia karibu pikipiki yoyote bila kubeba waya wa kila aina. Mpira wa ndani wa tairi la inchi 18 unaweza kukufikisha mjini hata ndani ya tairi la 17, ukiuingiza kwa subira, ila mwambie motari aubadilishe akifika. Viraka na gundi: gundi hukauka kwenye joto, kwa hiyo nunua mirija midogo miwili badala ya mmoja mkubwa.

Kwa jenereta, brashi za kaboni za saizi mbili zinazotumika sana, mita kadhaa za mpira wa mafuta, chujio, vibanio, fyuzi, na kamba ya kuvutia injini. Kamba hiyo ni kipuri kinacholipa kuliko vyote ukilinganisha na bei yake: hukatika daima, mteja hana ya akiba, na kipande cha kamba ya nailoni ya milimita 4 au 5 kinaipokea kazi. Ongeza nusu lita ya mafuta ya injini kwenye chupa ngumu, utepe wa umeme, waya mwembamba, vifungo vya plastiki, karatasi ya gaskiti na mkasi wake.

Petroli usibebe mfukoni, hata chupa ndogo ya kuoshea kabureta. Utaikuta kwa mteja. Ndani ya mtumbwi wenye mvuta sigara mmoja, chupa iliyovuja ni hatari kwa watu ambao hawakukuita.

Kifaa cha kusawazisha volti ni swali gumu. Ni ghali, na vipo vya aina nyingi zinazofanana kwa sura na kutofautiana kwa nyaya. Maoni yangu: usikiweke mfukoni. Piga picha cha mteja, hesabu nyaya na rangi zake, kisha kiagize. Pesa iliyolala ndani ya kipuri kisichojulikana kitamfaa nani ingekununulia plagi za mwezi mzima.

Halafu weka sheria ya daftari. Kila unapokosa kitu kazini, kiandike. Kikionekana mara ya pili, kinunuliwe. Na kila kiangazi kinapoanza, mwezi wa sita, mwaga mfuko wote juu ya mkeka: ambacho hukukigusa tangu mvua zilipoanza kibaki nyumbani. Bila sheria hiyo ya pili mfuko hunenepa mpaka ukukatae.

Kufanya kazi bila kupoteza zana wala mtu

Mafundi wa lifti kwenye maghorofa ya Nairobi au Kinshasa hufunga zana zao kwa kamba, kwa kuwa spana ikiponyoka inashuka hadi shimoni, na njiani inaweza kukutana na kichwa cha mtu. Ukiitwa kutengeneza mashine ya boti ikiwa majini, fanya kama wao: kila spana iwe na kitanzi cha kamba kinachoingia kwenye kiganja. Lualaba ni mto wa matope. Hakuna anayezamia spana. Nchi kavu tandika kitambaa cheupe, panga juu yake kila unachotoa, na usiondoke mpaka kitambaa kiwe kitupu na orodha ya zana zako, uliyoiandika kwenye kifuniko cha mfuko, iwe imetimia. Watoto watakuja kuangalia. Mmoja mpe kazi ya kushika taa, naye atawalinda wengine kuliko wewe.

Zana zako ziwe na alama, herufi zilizopigwa kwa chuma au mstari wa rangi ambayo fundi mwingine hana. Kuazimisha ni jambo la heshima na huwezi kulikwepa kwa yaya, yaani kaka mkubwa, aliyekufundisha kazi, lakini spana zinazoazimwa ziwe za nyumbani, si za mfukoni.

Kuna vitu vitatu vya usalama ambavyo havina uzito wala bei, navyo hukosekana kwenye mifuko mingi. Kwanza kufuli dogo na kibao kilichoandikwa USIWASHE, MTU YUKO KAZINI. Kitundike kwenye swichi kuu, funguo ibaki mfukoni mwako. Kwenye jenereta chomoa kofia ya plagi na uifunge mbali na plagi, maana mtoto wa nyumba akivuta kamba kukusaidia, vidole vyako viko kwenye feni. Pili, miwani ya kukinga macho. Tatu, dawa ya kuungua na bandeji, kwa sababu bomba la moshi halisamehe.

Angalia pia namna jenereta ilivyounganishwa na nyumba. Ukikuta waya wenye vichwa vya kiume pande zote mbili, umechomekwa kwenye soketi ya ukutani ili kuilisha nyumba nzima, usiendelee na kazi mpaka mmezungumza. Umeme huo unaweza kutoka nje kwenye laini na kumkuta mtu anayeamini laini imekufa. Na waya wenyewe ukichomolewa upande mmoja una pini za moto wazi. Mweleze mama au papa mwenye nyumba kwa adabu, mpe bei ya swichi ya kubadilishia. Na jenereta ikiwa inafanya kazi ndani ya chumba au kwenye korido kwa kuogopa wezi, omba itolewe nje leo leo. Moshi wake una gesi isiyonuka, inayoua watu usingizini.

Jioni, kabla ya kula, futa zana kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya injini. Mfuko uliolowa uache wazi usiku kucha. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na simu usivitupe. Viweke kwenye ndoo ya mita.

Daftari lina kazi nyingine moja. Mteja wa duka mara nyingi hulipa kwa dola, na huku noti yenye mchano mdogo hukataliwa hata kama ni halali kwingine. Ikague mbele yake, ilaze katikati ya kurasa, usiikunje pamoja na skrubu.

Safari ndefu zinabadilisha mfuko. Ukienda Ubundu kwa boti, zaidi ya kilomita 300 za mto, ongeza plagi za mashine ya boti yenyewe, pini za propela na mafuta ya kuchanganya, maana njiani hakuna duka. Ukienda Kalima au Kasongo nyuma ya pikipiki, punguza mpaka kilo 7 na uvae mfuko mgongoni badala ya kuuning'iniza ubavuni. Ukienda kwa ndege, spana na kila chenye makali viingie kwenye mizigo ya chini, betri za akiba za taa na mita zibaki nawe juu, na mafuta ya injini, gundi ya viraka na kopo lolote la kupuliza viache Kindu. Utakapofika, anza kwa kuvinunua sokoni kabla hujamwona mteja.